Kikapu Kirefu cha Asali

Kibaha, Jumanne, 8 Oktoba 2024
Asubuhi mawingu mazito upande wa Ruvu, mvua haikushuka. Joto kuanzia saa nne.

Leo Bwana Castory ameniita ofisini kwake. Mwisho wa mwaka kampuni itawapa wateja wakubwa mvinyo mwekundu, chupa moja kila mmoja, na mimi ndiye nitakayeuchagua. Nikamwambia mimi Mwislamu, situmii. Akacheka.

"Ndiyo maana nakupa wewe. Nikimpa Justin wa stoo zitafika nusu."

Stellamaris wa uhasibu akadakia kutoka mezani kwake, "Na hizo nusu zitafika zimeshafunguliwa."

Nilicheka nao. Ningeweza kukataa, hakuna aliyenishika mkono. Sikukataa.

Kisha likaja suala la kufungasha. Sisi tunatengeneza maboksi, na hao wateja ndio tunaowauzia maboksi. "Tukiwapelekea chupa ndani ya boksi watadhani ni sampuli," alisema Bwana Castory. Hapo nikasema shangazi yangu wa Kurui husuka vikapu vya ukili. Nilisema upesi, kwa kutaka kusifiwa, na nikasifiwa.

Jioni nimemwandikia. Nakala naiweka hapa, kama ninavyofanya kwa barua zote. Nalala saa tano.

*

Kibaha, 8 Oktoba 2024. Mawingu, hakuna mvua.

Shangazi yangu mpenzi Bi Mwamini,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku tu wazima. Mkweo Seif bado yuko zamu za usiku kwenye mitambo ya maji Ruvu, analala mchana kama popo. Mjukuu wako Yahya anakusalimu na anauliza kama yule jogoo mkorofi bado yupo au mmeshamla. Goti lako linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyompa Hussen uliipata?

Najua simu ya kwa jirani yako Tatu huipendi kwa sababu ukizungumza uani kwake Kurui nzima inasikia, kwa hiyo nakuandikia, na Hussen akija na muhogo wake ataleta jibu.

Shangazi, kuna kazi. Kampuni yetu inataka vikapu arobaini vya ukili vya kutilia zawadi za wateja. Virefu, vyembamba, vyenye mshikio. Nimekuwekea uzi ndani ya bahasha. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni urefu wa chupa, na kutoka fundo la kwanza hadi la pili ni mzunguko wake. Ni chupa za asali. Ziwe tayari kabla ya Desemba kumi. Malipo nusu anakuja nayo Hussen.

Ni mimi mwanao,
Maulida

*

Kurui, 21 Oktoba 2024

Mwanangu Maulida,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Umeanza tena na mawingu kama redio. Huku mvua imenyesha mara mbili, na bibi yako alikuwa akisema mvua ya Oktoba ni ya kumdanganya mpanda mahindi, basi hatujapanda. Jogoo yupo. Mwambie Yahya amemfukuza Hussen mpaka barabarani, viatu mkononi. Dawa nimeipata, goti linasikia linapotaka.

Kazi tumeipokea kwa mikono miwili. Tuko sita. Tunakaa kibarazani kwangu baada ya alasiri, na siku ya kwanza tulisoma Fatiha. Kila kikapu nakianza mimi mwenyewe kwa Bismillah, kisha nampa mwenzangu aendelee, maana zawadi ni zawadi, inakwenda na dua ya aliyeigusa. Mdomoni nimetia mstari mwekundu ili wajue vimetoka kwa nani.

Tatu ameupima uzi wako akauliza, "Asali gani hii inayokaa kwenye chupa yenye shingo kama mbuni?" Nikamwambia asali ya mjini, ya mjini kila kitu kirefu. Tumecheka sana.

Firdausi anasema Mungu akupe, maana mwaka huu korosho zimemtupa. Anasuka mpaka maghribi inamkuta.

Salamu kwa Seif. Mwambie mchana umeumbiwa binadamu.

Shangazi yako,
Mwamini

*

Kibaha, 19 Desemba 2024. Jua kali tangu saa moja.

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Seif amepata likizo fupi, Yahya amefunga shule na ameleta ripoti nzuri isipokuwa hesabu. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Vikapu vimependwa kupita kiasi. Bwana Castory alikigeuza kimoja mkononi muda mrefu akasema, "Hiki peke yake ni zawadi." Zawadi zote zimeshagawiwa. Malipo yaliyobaki anayo Hussen. Wape wote asante yangu, hasa Bi Firdausi.

Mwanao,
Maulida

*

Kurui, 30 Desemba 2024

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Malipo tumegawana, kila mtu karidhika. Firdausi amenunua bati za kumalizia jiko.

Sasa wenzangu wana ombi. Tumesuka vitupu, tumevitoa vitupu. Tunataka tukione kimoja kimejaa, na asali yake ndani, kama walivyokiona wakubwa. Wala si kwa kula, ingawa Tatu amesema ataonja. Njoo nacho siku yoyote, hata ya Mapinduzi, si hamwendi kazini?

Na mbona barua yako ilikuwa fupi? Unaumwa?

Mwamini

*

Kibaha, Jumapili, 12 Januari 2025
Asubuhi wazi, upepo kidogo. Vumbi njia nzima.

Nimekwenda Kurui. Kikapu kimoja kilikuwa kimebaki ofisini. Jana nilizunguka Maili Moja kutafuta chupa ya asali yenye umbo la mvinyo. Hakuna. Asali inauzwa kwenye chupa fupi nene. Nikanunua moja, nikaitia kikapuni.

Walikuwa wamenisubiri kibarazani, wote sita, wamevaa khanga za kutokea. Walipiga vigelegele. Tatu akakipokea, akakitikisa. Chupa ikagonga huku na huku.

"Mbona inaogelea?"

"Asali ya Kibaha imekonda," akasema mmoja.

"Haijakonda, imefupika! Maulida, uzi wako ulinyeshewa?"

Wakacheka mpaka Bi Firdausi akafuta macho. Mimi nilicheka pia. Tatu aliingiza mkono mzima kati ya chupa na kikapu, akautoa, akauingiza tena, na mara ya pili hakucheka.

Shangazi akanyanyuka, akamnyang'anya. "Hii ameniletea mimi, si ile ya wateja. Ya wateja ilikuwa na chupa ndefu, imekwisha. Mwacheni mwanangu, katoka mbali. Tatu, leta vikombe."

Hakunitazama. Aliimimina asali kwenye kisahani, tukaila na mihogo ya kuchemsha. Aliniuliza habari za Yahya, nikamjibu.

Miaka yote hunisindikiza hadi njia panda ya kisima, na hapo husimama mpaka pikipiki inapotea. Leo aliishia mlangoni pa jiko. Alisema, "Goti."

Nalala saa sita na nusu.

*

Kibaha, 22 Januari 2025. Joto. Hakuna mawingu.

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nilifika salama. Yahya amefungua shule. Goti lako likoje? Kuna daktari mzuri hapa, ukitaka nitakuchukua.

Bwana Castory anataka vikapu vingine sitini kabla ya Pasaka, vya kipimo kilekile. Uzi mnao. Nijulishe kama mtaweza.

Mwanao,
Maulida

*

[Tarehe 2 Februari Hussen ameleta bahasha yenye jina langu kwa mwandiko wa shangazi. Ndani hakuna barua. Kuna ule uzi, na mafundo yake mawili.]

*

Kibaha, Jumapili, 9 Februari 2025. Mvua asubuhi, ikakatika saa tatu.

Shangazi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Wote wazima. Siandiki mengine.

Uzi umenifika. Haikuwa asali. Ulikuwa mvinyo mwekundu, chupa arobaini, na vikapu vyenu ndivyo vilivyoubeba.

Sikulazimishwa. Bwana Castory alinipa kazi ya kuuchagua, nikaipokea. Mwanzoni sikujua lolote. Nilidhani mwekundu ni mwekundu. Nikafanya kama ninavyofanya kila kazi. Nilikwenda duka hadi duka nikiuliza. Stellamaris alinifundisha kwamba upo mtamu na upo mkavu, na kwamba mteja asiyezoea akipewa mkavu atadhani umeharibika. Nilijifunza kwamba mvinyo mwingine chupa zake zina kizibo kinachohitaji chombo maalumu, na mtu asiye nacho ataaibika mbele ya mkewe akikisukumia ndani kwa kisu, kwa hiyo nikatafuta wenye kifuniko cha kuzungusha. Nikachagua wa Dodoma ili wateja waone tumewapa cha nyumbani. Mwisho zilibaki aina mbili, nikachagua moja.

Wateja walipiga simu kushukuru. Mmoja alisema, "Aliyechagua huu anajua." Nilifurahi, shangazi. Nilifurahi siku nzima, na kikapu chenu kilikuwa mezani pake kina dua za watu sita. Nikiikumbuka furaha ile nataka kujifunika uso hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nilisema asali kwa sababu nilijua ungekataa. Tena siku ya Mapinduzi nikakuachia wewe useme uongo wangu mbele ya wenzako. Nilikaa pale nikala mihogo.

Nisamehe.

Maulida

*

Kurui, 4 Machi 2025

Maulida,

Wa alaykum salaam. Ramadhani imetukuta wazima, alhamdulillahi. Jogoo tumemchinja siku moja kabla ya mfungo, mwambie Yahya taratibu.

Barua yako nimekaa nayo. Nilitaka hasira ipungue, haikupungua, nikaona niandike hivyohivyo.

Unasema ulijua ningekataa. Ndiyo, ningekataa. Ningesema hapana, na Firdausi angekosa bati zake, na huo ungekuwa uamuzi wangu, ningeubeba mimi. Mimi sina vingi, Maulida. Sina shamba kubwa, sina mume, sina cheo. Hapana yangu ninayo. Wewe ukaichukua bila kuniomba, ukaenda kuitumia Kibaha.

Mvinyo wenyewe, mjini watu wanakunywa, na hata huku kuna wanaokwenda kwa wagema wakadhani hatuwaoni. Sikukulea ili uwe polisi wa watu. Lakini nilitia Bismillah mara arobaini juu ya kitu nisichokijua, na kila nikiswali zinanirudia. Wenzangu bado hawajui. Tatu haulizi tena, na Tatu asipouliza ujue anahesabu. Wananiuliza tu kazi ya pili itakuja lini. Nawaambia kampuni inafikiri. Umenifanya muongo na mfungo huu.

Nina swali moja. Umesema zilibaki aina mbili ukachagua moja. Mimi sichagui hata maharage ya mbegu bila kutafuna punje. Ulionja?

Idd usije mpaka umenijibu.

Mwamini

*

Kibaha, Jumatano, 12 Machi 2025. Mvua ya kwanza ya masika, usiku kucha hadi saa mbili.

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Funga inakwenda vizuri. Yahya amefunga zote mpaka sasa, na kwa habari ya jogoo amenuna siku mbili.

Nimemwambia Bwana Castory ukweli wote, kwamba niliwadanganya wasukaji. Akasema, "Sasa mbona hukuniambia, Maulida? Ningetafuta kitambaa." Hakuna tena vikapu vya mvinyo. Nimemwomba mwakani tutoe asali kweli. Amesema atafikiri. Stellamaris anasema yeye yuko upande wangu. Pia nimeona niwe natoa sadaka kila Ijumaa kwa

*

Kurui, 16 Machi 2025

Hussen amenipa karatasi isiyo na mwisho wala jina. Umeileta ilivyo au imekushinda?

Sikuuliza habari za bosi wako.

*

Kibaha, Ijumaa, 21 Machi 2025. Mawingu, manyunyu.

Shangazi,

Assalaam alaykum. Niliiacha pale ilipofika nikampa Hussen hivyohivyo, kwa sababu nilijua nikikaa nayo nitaichana.

Nilionja.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, dukani Maili Moja. Zilibaki chupa mbili za Dodoma, karatasi zilizobandikwa karibu sawa. Stellamaris alikuwa anaumwa malaria. Mwenye duka akasema tofauti iko mdomoni, haiko kwenye karatasi. Akamimina kwenye vijiko viwili vya chai akavisukuma mbele yangu. Akauona mtandio wangu, akasema, "Au basi, mama, nikuchagulie?" Alinifungulia mlango wa kutokea. Sikutoka.

Nilijiambia siwezi kuweka sahihi yangu kwenye kitu nisichokijua. Nimejiambia hivyo miezi minne. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Watu wote ofisini walikuwa wanazungumza juu ya kitu ambacho mimi ndiye nilikuwa nimepewa, na mimi peke yangu sikukijua, nikachoka kuwa yule wa kuaminiwa kwa sababu hawezi.

Nilivionja vyote viwili. Nilichagua cha pili. Kisha nikaenda nyuma ya duka kwenye bomba nikasukutua mpaka fizi zikauma. Adhuhuri niliswali kwa kuchelewa, nikijificha kama mwizi.

Seif hajui. Nina shajara, shangazi, unajua tangu sekondari naandika kila siku. Ukurasa wa siku ile una hali ya hewa tu. Niliandika "jua, upepo wa wastani" nikafunga.

Kama Idd nisije, sitalalamika.

Maulida

*

Kurui, 26 Machi 2025

Mwanangu Maulida,

Wa alaykum salaam. Hussen alinikuta nakuna nazi. Nimeisoma barua yako mara moja, sitaisoma tena, imekwenda na kuni.

Ya vijiko ni yako na Mola wako. Mimi si karani wake. Ya vikapu ni yangu na yako, na ya wenzangu.

Jana baada ya kufuturu niliwaita wote. Nilitaka kuanza na wewe, ulimi ukakataa, nikaanza na mimi. Nikawaambia, "Nimejua tangu siku ya Mapinduzi, nimewanyamazia." Nikamaliza yaliyobaki. Nisingependa kuirudia jioni ile, Maulida, hata kwa kulipwa. Mtu mzima, nimekaa kwenye mkeka wangu mwenyewe, sijui nitazame wapi.

Tatu alisema, "Nilijua. Mkono wangu uliingia mzima." Firdausi aliacha chai yake akaondoka bila kuaga. Leo asubuhi alituma mjukuu wake kuchukua ndoo yake kwangu. Jiko lake lina bati zile, kila mvua ikinyesha anazisikia. Utakwenda kwake wewe mwenyewe, Idd pili, kwa miguu, mimi nitakuwa pembeni yako lakini sitakusemea. Nimeshakusemea mara moja.

Njoo Jumapili, ulete mchele mzuri na Yahya.

Nimesuka kikapu kimoja, kifupi, kinene, kwa kipimo cha ile chupa yako ya asali. Kimekaa sawasawa, hakigongi. Utampelekea bosi wako aendelee kufikiri akiwa nacho mezani.

Na ujiandae. Tatu ameuliza mbele ya watu, "Sasa huo mvinyo una ladha gani?" Nikamwambia namsubiri mwenye habari.

Shangazi yako,
Mwamini

*

Kibaha, Jumamosi, 29 Machi 2025
Asubuhi mvua kubwa, barabara ya Ruvu imejaa maji. Jioni kukakauka.

Nimenunua mchele, sukari, na khanga moja ya Bi Firdausi. Khanga nimeirudisha dukani. Nikienda na kitu mkononi nitakuwa nakwenda kununua msamaha. Nitakwenda kwake mikono mitupu.

Baada ya kufuturu nimemwambia Seif ya vijiko. Alikuwa anavaa viatu vya kazini. Akafunga kamba ya kiatu kimoja, akaifungua, akaifunga tena. "Na kipi kilikuwa kizuri?" akauliza. Nikasema cha pili. Akaenda kazini.

Uzi wa shangazi nimeufungua mafundo. Umebaki na vipindo viwili pale yalipokuwa, nimeuvuta lakini haunyooki.

Nimerudi kwenye ukurasa wa Jumamosi ile ya Novemba. Chini ya "jua, upepo wa wastani" nafasi ilikuwepo ya kutosha. Nimeandika yote. Kisha nikafikiria jibu la Tatu. Nitamwambia ulikuwa mchachu kidogo, unakausha ulimi kama bibo bichi, halafu unabaki. Hilo la kubaki ndilo litakalonitoa jasho mbele yao.

Nalala saa nane na dakika kumi.